Onyesha Mbinu, Ficha Kielelezo: Mwongozo wa Kazi Mradi za Sanaa Shule ya Msingi

Ukutani mwa darasa la nne pamebandikwa michoro 50 ya nyumba. Kila nyumba ina paa la pembe tatu, madirisha mawili yenye msalaba, mlango katikati, mnazi upande wa kulia na jua linalochungulia konani. Mgeni akiingia atasifu usafi wake. Ukitazama vizuri utaona kwamba kazi iliyobuniwa hapo ni moja tu, nayo ni ya mwalimu. Yeye ndiye aliyeamua mnazi ukae kulia. Watoto waliachiwa kunakili kutoka ubaoni, na aliyenakili vizuri zaidi akapata alama nyingi zaidi. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, baadhi ya watoto haohao watakaa chini ya mwembe watengeneze gari la waya lenye usukani mrefu na matairi ya vizibo, gari ambalo hakuna mtu aliyewachorea ubaoni.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefundisha sanaa darasa la tatu hadi la sita, na wewe mzazi unayeletewa kazi mradi saa mbili usiku na kuambiwa inatakiwa kesho. Ninachotetea ni jambo moja: mtoto afundishwe mbinu kwa ukamilifu, hatua kwa hatua, lakini asionyeshwe kazi iliyokamilika ambayo yake inapaswa kufanana nayo. Mbinu ni namna ya kushika, kukata, kugandamiza, kuunga, kuchanganya. Kielelezo ni jibu. Walimu wengi hutoa vyote viwili kwa pamoja wakidhani ni kitu kimoja, na hapo ndipo ubunifu unapokatika.

Sababu yake si ya kubahatisha. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa umri wa chekechea. Waliwapa kitu cha kuchezea chenye mambo kadhaa yaliyofichika ndani yake. Kundi moja lilielekezwa na mtu mzima aliyeonyesha wazi, kama mwalimu, jambo moja ambalo kitu kile hufanya. Makundi mengine hayakufundishwa hivyo. Mojawapo lilimwona mtu mzima akiligundua jambo lilelile kana kwamba ni kwa bahati. Waliofundishwa walicheza kwa muda mfupi zaidi na wakagundua mambo machache zaidi kuliko wenzao. Mtoto hakosi akili kufanya hivyo. Anajiambia kwamba mjuzi akionyesha kimoja akanyamaza, basi hakuna kingine cha kutafuta. Ni kweli kwamba watoto wale walikuwa wadogo kuliko wa darasa la nne, na walichopewa hakikuwa mchoro. Hata hivyo mwalimu anayechora nyumba ubaoni na kusema chora kama hii anafanya jambo lilelile, tena akiwa ameshika chaki na daftari la alama.

Kuna sababu ya pili inayohusu umri. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, aliandika katika kitabu chake cha 1947 kwamba michoro ya watoto hupita katika hatua. Kati ya miaka 7 na 9 hivi mtoto ana alama zake za kudumu: mtu huchorwa vile, mti vile, na vyote husimama juu ya mstari mmoja wa ardhi. Kuanzia miaka 9 hivi anaanza kutaka kitu kifanane na kilivyo, anaona kasoro za mkono wake, anachungulia cha jirani. Huo ndio umri wa darasa la tatu, la nne na la tano, na ndio wakati ambapo utasikia kwa mara ya kwanza mtoto akisema hajui kuchora. Ukimwekea kielelezo cha mtu mzima katika kipindi hicho unampa kipimo atakachoshindwa, na wengi wakishashindwa hawarudi tena kwenye penseli maisha yao yote.

Hapa mtu atapinga, na ana haki. Sanaa zetu zote, atasema, zimerithishwa kwa kuiga. Kijana wa Kimakonde hukaa na mchongaji, akachonga kile mkubwa wake anachochonga. Binti hujifunza kusuka ukili kwa kumtazama bibi yake. Ni kweli, lakini angalia kinachorithishwa. Mwanafunzi wa uchongaji anapokea namna ya kusoma mpingo, kujua ufa ulipo, kutumia tezo kabla ya patasi. Hizo ni mbinu. Maumbo yenyewe hayakubaki palepale: mtindo wa shetani unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, miaka ya 1950, na husimuliwa kwamba ulianza pale kinyago chake kilipovunjika naye, badala ya kukitupa, akakipa umbo jingine. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari; alipofariki mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake walibaki na mbinu ile, wakaiongezea ya kwao. Naye Elimo Njau, mchoraji aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, alijulikana kwa kuonya kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Anayerudia tembo yuleyule kila siku kwa ajili ya watalii anatafuta mkate, na hatumlaumu. Mwanafunzi wa darasa la nne hana mteja anayemsubiri.

Tuchukue sasa mradi mmoja tuufuate mpaka mwisho, maana maelezo ya jumla hayamsaidii mwalimu mwenye watoto 60 na dakika 40. Mradi ni kanga ya karatasi. Nimeichagua kanga kwa sababu kila mtoto ameiona, na kwa sababu ina mpangilio wake: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mpangilio huo ndio utakaokuokoa. Kosa la walimu wanaokimbia kielelezo ni kukimbilia upande wa pili: wanagawa karatasi tupu na kusema chora chochote unachotaka. Mtoto anaganda, kisha anachora ileile nyumba yenye mnazi, kwa kuwa ndiyo iliyoko mkononi. Anachohitaji ni sharti, na sharti likiwa gumu kidogo linamlazimisha kuamua. Katika mradi huu masharti ni manne: pindo lizunguke pande zote; chapa zisizidi aina mbili; rangi zisizidi mbili; jina liwe lako mwenyewe, lisizidi maneno sita, na lisiwe umelisoma kwenye kanga yoyote. Sharti la mwisho litazua kelele na vicheko darasani. Viache vizuke, hicho ndicho kipindi kizuri kuliko vyote.

Vielelezo je? Leta kanga halisi, lakini zisipungue tano, zenye pindo tofauti na miji tofauti. Kanga moja ukiitundika ubaoni itanakiliwa. Zikiwa tano, kila mtoto analazimika kuchagua, na kuchagua ni mwanzo wa kubuni. Siku ya kuchapa zikunje uzirudishe kwa wenyewe.

Vifaa viandae hivi. Gundi ya uji ndiyo itakayoshika rangi: chukua kikombe 1 cha unga wa muhogo au ngano na vikombe 5 vya maji; vuruga unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe 4 vinavyochemka, koroga mpaka uji uwe laini, uache upoe. Kwenye joto la Pwani hautafika siku ya tatu kabla ya kuchacha, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Gawa uji kwenye makopo. La kwanza tia mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. La pili udongo mwekundu uliochekechwa vivyo hivyo. La tatu bluu ya kufulia. La nne manjano ya jikoni, ukijua kwamba hupauka upesi kwenye mwanga. Karatasi ya kaki inafaa kuliko nyeupe, kwani haichaniki upesi ikilowa. Ukipata mfuko wa saruji, utayarishe wewe mwenyewe, si watoto: tupa tabaka la ndani, futa la nje kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa vumbi la saruji huunguza ngozi na macho.

Chapa zenyewe ziko sokoni. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa ua la pembe tano. Shina la jani la mgomba likikatwa hivyohivyo linatoa umbo la mwezi mwandamo lenye vijumba vingi ndani, kama madirisha ya ghorofa. Kiazi mbatata kikikatwa katikati kinaweza kuchongwa na mtoto kwa kifuniko cha kalamu, bila wembe. Kuna siri moja ya bamia: utelezi wake huifukuza rangi. Ikate mapema, iache ikauke nusu saa, uifute kwa kitambaa kabla ya kuitumia.

Hatua za vipindi vinne ni hizi:

1. Kipindi cha kwanza: kutazama. Watoto wazunguke kanga tano kwa makundi. Uliza, usieleze: pindo hili limejirudia mara ngapi upande mmoja? Kwenye kona limefanya nini? Swali la kona ni la muhimu kuliko linavyoonekana, maana kona ndipo kila mbunifu wa kanga huhangaika.

2. Kipindi cha pili: rasimu na jina. Kila mtoto achore mistari ya pindo kwenye nusu karatasi ya daftari, aandike majina matatu, achague moja. Asiyepata jina asaidiwe kwa swali: ungependa nani alisome, na akishalisoma afanye nini?

3. Kipindi cha tatu: mbinu, kisha majaribio. Hapa ndipo unapoonyesha, na uonyeshe kwa mkono wako mbele ya wote. Weka kipande cha godoro la sponji kwenye kifuniko cha kopo, mimina rangi juu yake vijiko viwili, gandamiza chapa kwenye sponji mara moja, iweke juu ya karatasi, bonyeza ukihesabu tatu, inua wima bila kuburuza. Chapa mara tatu tu, zilizotawanyika, bila kupanga pindo wala ua. Ukipanga, umeshatoa kielelezo. Kila mtoto ajaribu kwenye gazeti la zamani mpaka apate chapa safi tano.

4. Kipindi cha nne: kazi yenyewe. Nusu ya darasa inachapa, nusu inaandika jina kwa herufi kubwa kwenye ukanda wa karatasi utakaobandikwa. Katikati ya kipindi wanabadilishana. Makundi ya watoto sita, kopo moja la rangi kwa kundi. Anayetaka rangi ya pili anahamia kundi jingine na karatasi yake, kopo halihami.

Katika kipindi cha nne utaitwa kila baada ya dakika moja, na unachojibu kina uzito kuliko ulichofundisha. Mtoto atakuja na karatasi iliyochuruzika rangi aseme, "Mwalimu, nimeharibu." Usimpe karatasi mpya. Mwambie akuonyeshe palipoharibika, kisha umuulize doa lile linafanana na nini, na je, akilirudia upande wa pili litakuwaje? Wengine watageuza doa kuwa sehemu ya mji. Wengine watakataa, nao wana haki ya kuanza upya nyuma ya karatasi ileile. Kuna mtoto atakayekuuliza aweke rangi gani. Mrudishie swali, akijibu usiseme ndiyo wala hapana. Na usishike chapa ya mtoto. Mkono wa mwalimu ukigusa kazi mara moja, hata kwa nia njema, mtoto anajua kuanzia hapo kwamba sehemu nzuri ya kazi ile si yake.

TAHADHARI

• Usitumie kamwe unga mweusi wa betri za zamani, hata kama ndio uliopakwa ubaoni kwa miaka. Ni sumu, na watoto hulamba vidole. Mkaa unatosha.
• Rangi za mafuta za nyumba, hasa makopo ya zamani, huweza kuwa na madini ya risasi. Zisiingie darasani.
• Bamia na mgomba ukate wewe. Wembe usigawiwe darasa la tatu wala la nne.
• Uji wa rangi unafanana na chakula. Sema hivyo wazi kabla ya kuanza, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kula.

Makosa ya kiufundi yatakuwa mawili hasa. Rangi ikiwa nyepesi itaenea nje ya chapa. Ongeza uji mzito, wala usiongeze unga mbichi. Mtoto akichovya chapa koponi badala ya sponji, vijumba vya mgomba vitajaa na kutoa doa tupu. Mfutie chapa arudie.

Sasa swali ambalo mwalimu mkuu atakuuliza: kazi 60 zisizofanana zitasahihishwaje? Ukisahihisha uzuri, utakwama, na utawapa alama watoto wenye kalamu nzuri nyumbani. Sahihisha vitu vitatu vinavyoonekana. Kwanza, je, mbinu imetumika sawasawa, yaani chapa ni safi na hazikuburuzwa? Pili, je, masharti manne yametimizwa? Tatu, je, mtoto anaweza kueleza uamuzi mmoja alioufanya na sababu yake? Hilo la tatu lichukue nusu dakika kwa mtoto, wakati wenzake wanasafisha makopo. Mwenye watoto wengi asikilize 15 kwa kipindi, waliobaki wiki zinazofuata. Atakayesema amepishanisha ua na mwezi kwa sababu ua peke yake lilikuwa linachosha, huyo amebuni, hata kama karatasi yake imekunjamana. Aliyenyamaza asikatwe alama papo hapo. Muulize tena kesho.

Zawadi ni jambo jingine linaloharibu polepole. Utafiti wa mwaka 1973 wa Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett uliwachunguza watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti mapema kwa ajili ya kuchora, baadaye walichora kwa hiari yao kiasi cha nusu tu ya muda wa wale ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti ghafla bila kuahidiwa hawakudhurika. Kwa hiyo usitangaze mshindi wa kanga bora siku ya kwanza. Siku ya maonesho tundika zote, kwa urefu wa macho ya mtoto, na za wasio na ustadi wa mikono zisiwekwe nyuma ya mlango.

Kwako mzazi. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi mwaka 2019, mojawapo ya malalamiko makubwa ya wazazi lilikuwa gharama za vifaa na kazi mradi zinazoishia mikononi mwao usiku. Tanzania nayo ina somo la Sanaa na Michezo katika mtaala ulioboreshwa wa 2023, na malalamiko hayo hayako mbali. Ukinunua gari la udongo kwa fundi ili mtoto apate alama, mwalimu atajua, na mtoto atajua kwamba umemwona hawezi. Saidia kwa mambo matatu: mahali pa kufanyia kazi panaporuhusiwa kuchafuka, muda, na takataka nzuri, yaani maboksi, vizibo, vitambaa, waya. Kisu au moto ukihitajika, shika wewe, lakini mtoto aseme akate wapi. Kama kazi imeagizwa pamoja na vifaa vya kununua usivyoviweza, mwandikie mwalimu na uulize mbinu inayofundishwa ni ipi. Mara nyingi mbinu ileile hufanyika kwa kaki badala ya manila. Wewe mwalimu nawe, ukituma kazi nyumbani, tuma swali na sharti, usitume picha ya kazi iliyokamilika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Picha hiyo itazaa nakala 60 kufikia asubuhi, nyingi zikiwa za mama na kaka mkubwa.

Kabla ya kuingia darasani jiulize haya:

☐ Nimeandaa mbinu ipi, na nimeijaribu kwa vifaa hivihivi?
☐ Masharti yangu hayazidi manne, na angalau moja linamlazimisha mtoto kuchagua?
☐ Vielelezo nilivyo navyo ni vingi na vinatofautiana, na nitaviondoa lini?
☐ Karatasi ya majaribio ipo ya kutosha, au nimemtaka mtoto apatie mara ya kwanza?

Utaratibu huu unahamia kwenye kazi nyingine bila kubadilika sana. Kwenye ufinyanzi, kwa mfano, mbinu za kuonyesha ni tatu. Kupima udongo: viringisha kamba ya unene wa penseli, izungushe kidoleni, ikipasuka una mchanga mwingi. Kuunga: kwaruza pande zote mbili, paka tope la udongo uleule, ndipo ugandamize. Kukausha: kivulini, chini ya kitambaa chenye unyevu, kwa siku kadhaa, kwa sababu jua hukausha mkia na masikio kabla ya tumbo na vitu hudondoka. Sharti liwe mnyama anayefanya kazi fulani nyumbani kwenu. Jogoo anayeamsha watu anafaa, na mjusi anayekula mbu vilevile. Kazi ambazo hazikuchomwa hazitadumu, na hilo si hasara: waache wenye nazo wazipeleke nyumbani wakitaka, zilizobaki zivunjwe na kulowekwa kwenye ndoo usiku mmoja. Muhula ujao udongo ule utakuwa laini tena, tayari kwa darasa jingine.